Je, wajua kwa nini Ujerumani mbili ziligombania Zanzibar miaka ya 60?

Ukipita Kikwajuni pale Unguja utayaona maghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, hayafanani hata kidogo na nyumba za Mji Mkongwe. Sasa jiulize, nchi ambayo yenyewe ilikuwa bado inajijenga baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa inatafuta nini kisiwani kwetu mpaka ijenge nyumba za watu?

Ilikuwa inatafuta kutambuliwa, basi. Toka 1949 Ujerumani zilikuwa mbili, moja upande wa Wasovieti na nyingine upande wa Marekani, na ile ya Magharibi yenye makao makuu Bonn mwaka 1955 ikaweka sera kali iliyokuja kuitwa kwa jina la Walter Hallstein, ofisa wa juu wa wizara yao ya mambo ya nje: nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa imefanya uadui, na uhusiano unaweza kuvunjwa. Kwa Bonn hilo lilikuwa suala la usalama kabisa, manake dunia ikishazoea kwamba kuna Ujerumani mbili, nchi itabaki imegawanyika moja kwa moja na Wasovieti wako mlangoni. Kwa hiyo misaada yao Afrika ilienda sambamba na hiyo hofu.

Mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964, Zanzibar ikaitambua Ujerumani Mashariki chapchap, wataalamu na miradi ikaanza kuingia. Halafu Aprili ukaja Muungano, na hapo ndo Nyerere akajikuta na mzigo, kwa sababu huku bara Ujerumani Magharibi ndio waliokuwa wanatufundishia kikosi cha anga na polisi wa majini, na kule visiwani kuna ubalozi wa wapinzani wao. Akatafuta njia ya kati: ubalozi ulioko Zanzibar ufungwe, Ujerumani Mashariki wapewe konseli kuu tu Dar es Salaam, yaani ofisi yenye hadhi ndogo kuliko ubalozi, bila kutambuliwa rasmi. Mimi naona lilikuwa pendekezo la busara sana. Bonn hawakulitaka, Februari 1965 wakaondoa msaada wa kijeshi na wakufunzi wao. Mwalimu akawajibu kwamba kama ni hivyo na ule uliobaki wauchukue, yaani msaada wote wa serikali yao, maana hakukubali rafiki amchagulie maadui. Mafunzo ya anga baadaye yakachukuliwa na Kanada.

Mwaka huohuo ukafungwa vibaya zaidi. Walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) walijitangazia uhuru Novemba, Tanzania ikavunja uhusiano na Uingereza Desemba kwa sababu Uingereza haikuchukua hatua ya maana, na mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tunausubiri ukazuiwa. Hiyo ni hela ya maendeleo, iliondoka kwa ugomvi wa siasa.

Na tusidhani Wachina walikuwa malaika. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, waliijenga 1970 hadi 1975 kwa mkopo usio na riba, wakati nchi za Magharibi zimekataa kuigharamia. Ila China nayo ilikuwa imekorofishana na Wasovieti, inataka marafiki na inataka kiti chake Umoja wa Mataifa, na ilipokipata Oktoba 1971 balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa mmoja wa walioshangilia wazi wazi pale ukumbini. Tofauti ni kwamba safari hii masilahi yao na yetu yalikutana, Zambia ilihitaji njia ya kupitishia shaba bila kuwategemea makaburu na walowezi, na reli ikajengwa kweli.

Leo mambo ni yaleyale, siku hizi hata hayafichwi. Februari 2025 Uingereza ilitangaza itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027, na ikasema yenyewe kwamba pesa hiyo inaenda kwenye ulinzi. Hakuna aliyesema kliniki au shule zinazotegemea hiyo hela zimefanya vibaya, hazikuulizwa hata swali moja. Hofu ilihamia kwa Urusi, na bajeti ikaifuata, ndio maana inaniuma nikiona mipango ya afya ya nchi zetu inaandikwa kana kwamba hela ya mfadhili ni mvua ya masika, itakuja tu.