Chunusi Ukubwani: Maswali Yanayoulizwa Sana Kigoma

Nina miaka 34 na watoto wawili. Chunusi si za wasichana wa sekondari?

Wengi huachana nazo ujanani, lakini wapo wanaoendelea nazo hadi miaka 40, na wengine huanza kuzipata baada ya kufika 25. Wanawake ndio wengi zaidi. Ngozi ya uso, kifua na mgongo ina tezi za mafuta. Mafuta yakizidi na seli zilizokufa zikaziba kinyweleo, bakteria ambao kila mtu anao ngozini huongezeka humo ndani, kisha panavimba na kutunga usaha.

Kwa hiyo anayekwambia huogi, anakuonea. Tena kujisugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia huzidisha uvimbe. Nawa mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, na ukitoka mwalo wa Kibirizi umelowa jasho, nawa tena.

Mbona zangu hutoka kidevuni karibu na siku zangu?

Ni homoni. Hupanda na kushuka kila mwezi, na baadhi yake huziamsha tezi za mafuta. Lakini kama hedhi inaruka miezi, ndevu zinaota kidevuni, au unatafuta mtoto hapatikani, usihangaike na uso peke yake. Huenda ovari zina shida inayohitaji vipimo.

Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango navyo huwaletea baadhi ya wanawake chunusi. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, inaweza pia. Usiache dawa ya TB kwa sababu ya uso! Mwambie anayekuhudumia kliniki.

Nilinunua krimu sokoni, uso ukatakata wiki mbili tu. Sasa vimerudi vipele maradufu.

Hili ndilo swali linaloniumiza zaidi, maana dada zetu wengi wameingia humo bila kujua. Krimu nyingi za kung'arisha, na mikorogo inayopimwa kwenye vikopo visivyo na lebo, huwa na steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi hutuliza uvimbe upesi, ndiyo maana mwanzoni unaisifu. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, na vinatoka vipele vidogo vinavyofanana. Ukiacha, uso unawaka na kuwasha, unarudi kupaka, unatulia, na mzunguko unaanza upya. Huo mwako si dalili kwamba ngozi yako "inahitaji" krimu. Kama umepaka kwa miezi, muone daktari akusimamie unapoiacha, na usihamie mkorogo mwingine.

Ni kweli mawese yanaleta chunusi?

Mawese ya kwenye mboga hayaendi moja kwa moja kutokea usoni. Kula dagaa wako wa mawese. Vyakula vya sukari nyingi, soda kwa mfano, ndivyo vinavyohusishwa zaidi na chunusi. Mafuta mazito ya *kupaka* ni habari nyingine: yanaweza kuziba vinyweleo, na mafuta ya nywele hushuka kwenye paji la uso. Kama vipele vyako viko pale nywele zinapoanzia, anza kuchunguza hapo.

Dawa ipo?

Ipo. Benzoili peroksaidi, dawa ya kupaka, ya asilimia 2.5 hutosha wengi (ila huchujua rangi ya kanga na mashuka). Zipo pia krimu za retinoidi, zinazosaidia vinyweleo visizibe. Ipe dawa wiki 8 hadi 12, maana wengi huitupa wiki ya tatu, kabla haijafanya kazi. Usikamue, kwani ngozi yetu nyeusi hubaki na madoa kwa miezi. Kama ni mjamzito au unapanga kushika mimba, sema kabla ya kuandikiwa chochote: isotretinoini, vidonge vya chunusi sugu, humlemaza mtoto tumboni.

Muone daktari mapema kama una vinundu vikubwa vyenye maumivu au makovu yanayochimbika. Beba kila unachopaka na kila unachomeza, pamoja na kile kikopo kisicho na lebo.