Jinsi timu za vyuo vikuu vya Marekani zinavyochaguliwa kucheza mashindano ya NCAA

Mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, yalianza mwaka 1939 yakiwa na timu 8 na kufikia 68 mwaka 2011. Kwa kuwa Divisheni ya Kwanza, daraja la juu la michezo ya vyuo, ina timu zaidi ya 350, nyingi hubaki nje, na zinazoingia hupitia mojawapo ya njia mbili.

Njia ya kwanza ni ubingwa wa konferensi, yaani kundi la vyuo lenye ligi yake na mtoano wake wa mwisho wa msimu. Mshindi wa mtoano huo huingia moja kwa moja, hata kama msimu mzima alikuwa akisuasua. Mwaka 2024 NC State ilishinda mechi 5 ndani ya siku 5, ikatwaa kombe la konferensi ya ACC, kisha ikafika nusu fainali ya taifa. Bila kombe hilo isingealikwa.

Njia ya pili ni mwaliko, na huko ndiko kwenye ubishi. Mwaka 2025 mabingwa walichukua nafasi 31, na 37 zilizobaki zikagawiwa na kamati ya watu 12, ambao ni wakurugenzi wa michezo wa vyuo na wakuu wa konferensi. Nyenzo yao kuu ya kupanga hoja ni NET, orodha iliyoanza kutumika msimu wa 2018–19, ambayo huzipanga timu kwa kuangalia matokeo, ubora wa wapinzani na mahali mechi ilipochezwa. Kutokana na orodha hiyo, mechi za kila timu hugawanywa katika makundi manne. Kuifunga timu iliyo kati ya nafasi ya 1 na ya 30 ukiwa nyumbani ni ushindi wa kundi la kwanza. Katika uwanja usio wa timu yoyote kipimo hulegezwa hadi nafasi ya 50, na ugenini hadi ya 75. Hesabu hiyo ina mantiki, ila huwaumiza wadogo, kwani vyuo vikubwa havina haja ya kwenda kucheza kwao. Mwaka 2024 Indiana State ilifika siku ya uteuzi ikiwa imeshinda mechi 28 na kupoteza 6, na haikualikwa.

Hata hivyo NET haiamui. Wanaoamua ni watu, kwa kura. Mwaka 2025 North Carolina iliyoshinda mechi 1 tu kati ya 13 za kundi la kwanza ilialikwa, huku West Virginia iliyoshinda 6 kati ya 16 ikiachwa. Mwenyekiti wa kamati, Bubba Cunningham, alikuwa mkurugenzi wa michezo wa North Carolina. Kanuni humtoa mjumbe chumbani chuo chake kinapojadiliwa, naye alitoka, lakini gavana wa jimbo la West Virginia alidai uchunguzi ufanyike.

Orodha ikikamilika, kamati huzipanga timu zote kwa ubora kuanzia ya 1 hadi ya 68. Timu 4 za mwisho kualikwa, pamoja na mabingwa 4 wa chini kabisa, hucheza kwanza mechi za mchujo mjini Dayton, Ohio. North Carolina ilianzia huko, ikaifunga San Diego State 95–68.