Kifua Kikuu Kilicholala: Kwa Nini Tunakitafuta Kabla ya Kupandikiza Figo

Tangu Desemba 2023, upandikizaji wa kwanza wa figo ulipofanyika Mulago, hospitali ya rufaa jijini Kampala, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na wagonjwa wanaosafishwa damu ni lini zamu yao itafika. Zamani njia ilikuwa ya kwenda ng'ambo, hasa India, na maandalizi mengi yalifanyika huko huko. Sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imerudi mikononi mwetu, na ndani yake limo jambo ambalo mgonjwa halioni wala halisikii mwilini: maambukizi ya kifua kikuu yaliyolala.

Mwezi mmoja uliopita nilikuwa na mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyeishi kambini miaka mingi, ambaye dada yake amejitolea kumpa figo. Nilipomwambia kwamba kipimo chake cha kifua kikuu kimeonyesha maambukizi na kwamba atameza dawa kabla ya upasuaji, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daktari, mimi sikohoi. Hata mama watoto atakuambia. Hiyo TB imetoka wapi?" Nilimjibu kwamba hana ugonjwa, ila ana vijidudu, na kwamba tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo inayotupa nafasi ya kumsaidia.

Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wameambukizwa bakteria wa kifua kikuu, na katika nchi kama Uganda, ambayo Shirika la Afya Duniani linaiweka miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, si ajabu mtu kuvuta vijidudu hivyo katika basi, darasani au kambini bila kujua. Bakteria wanapofika mapafuni, askari wa kinga ya mwili huwazunguka na kuwafungia ndani ya kinundu kidogo. Hawafi wote, lakini hawatoki, na mtu huyo haugui wala haambukizi wengine. Kati ya walioambukizwa, asilimia 5 hadi 10 hivi ndio wanaougua katika maisha yao yote, ikiwa kinga yao ni nzima. Ukuta wa kile kinundu, hata hivyo, hulindwa zaidi na seli T, aina mojawapo ya askari hao wa kinga, na seli hizo hizo ndizo tunazozidhoofisha kwa makusudi baada ya kupandikiza, kwa takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni, ili mwili usiikatae figo mpya. Dawa inayoilinda figo inamfungulia mfungwa mlango, na ndiyo maana hatari ya aliyepandikizwa kuugua kifua kikuu ni mara nyingi zaidi ya ile ya mtu wa kawaida, hasa katika mwaka wa kwanza.

Kuyapata maambukizi haya ni kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna kipimo kinachowaona bakteria wenyewe wakiwa wamelala. Vipimo vyote viwili tunavyotumia vinauliza tu kama kinga ya mwili inawakumbuka. Kile cha ngozi tunakifanya kwa kudunga tyuberkulini kidogo, yaani protini za bakteria wa kifua kikuu, ndani ya tabaka la juu la ngozi ya mkono, upande wa ndani chini ya kiwiko, kisha mgonjwa anarudi baada ya saa 48 hadi 72. Kinachopimwa ni uvimbe mgumu, si wekundu. Mimi huburuta kalamu taratibu kutoka nje kuelekea katikati mpaka ncha ikwame kwenye ukingo wa uvimbe, naweka alama, narudia upande wa pili, kisha napima kwa rula upana kati ya alama hizo, kukatiza mkono. Kwa anayesafishwa damu milimita 10 zinatosha kusema ameambukizwa. Kwa ambaye tayari anatumia dawa za kushusha kinga, 5 zinatosha.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu yule mzee aliletwa kwangu akiwa na karatasi ya kliniki moja iliyosema "hasi", na alipoulizwa ilisomwaje, alisema aliambiwa apige picha mkono wake kwa simu na kuituma, kwani nauli ya kurudi ilikuwa kubwa. Uvimbe huu husomwa kwa kidole na kalamu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wenyewe hauonekani vizuri, na picha haiwezi kuonyesha ugumu. Tuliporudia kipimo na kukisoma inavyopasa, tulipata milimita 13.

Hata kikisomwa vizuri, jibu hasi kwa mgonjwa wa figo halinitulizi kabisa. Sumu zinazojaa kwenye damu figo zinaposhindwa kufanya kazi hudhoofisha kinga, hivyo mwili unaweza kuwa na bakteria na bado ngozi isijibu lolote. Kipimo cha damu kinachopima gama interferoni, kemikali ambayo seli za kinga huitoa zinapowakumbuka bakteria hao, kina faida ya kutochanganywa na chanjo ya BCG, ambayo watoto wetu huchanjwa wanapozaliwa, lakini nacho kwa wagonjwa hawa hurudi mara nyingine bila jibu la ndiyo wala hapana. Kwa hiyo pamoja na vipimo namuuliza mgonjwa amelala nyumba moja na nani, kama kuna ndugu aliyetibiwa kifua kikuu (wengi wananielewa upesi nikisema akafuba, jina lake kwa Kiganda), na naitazama eksirei ya kifua nikitafuta makovu ya zamani.

Kabla ya kutoa dawa ya kinga ni lazima kuhakikisha kwamba ugonjwa wenyewe haujaanza, kwa kuwa dawa moja au mbili kwa mgonjwa anayehitaji nne huwafundisha bakteria usugu. Hapa mashine ya kusafisha damu inaweza kutudanganya. Kwa wanaosafishwa damu kifua kikuu hupenda kukaa nje ya mapafu, kwenye tezi au tumboni, bila kikohozi. Homa za jioni husingiziwa mrija wa kusafishia damu ulio shingoni, na kukonda hufichwa na maji, kwani nyama inapungua huku maji yanaongezeka na mizani inabaki pale pale. Ninachokifuatilia ni uzito mkavu, yaani uzito baada ya maji ya ziada kuondolewa. Nikiona wauguzi wanalazimika kuushusha mwezi baada ya mwezi kwa mtu ambaye hajaamua kupunguza mwili, namchunguza kifua kikuu hata kama anacheka na kula.

Sasa dawa. Isoniazidi ya kila siku, miligramu 300 kwa mtu mzima, kwa miezi 6 hadi 9, ndiyo tuliyoizoea zaidi. Huvunjwa na ini, kwa hiyo hatupunguzi dozi kwa sababu ya figo, ila siku ya kusafishwa damu humezwa baada ya mashine. Tunaiambatanisha na vitamini B6 ili kulinda mishipa ya fahamu, ambayo kwa wagonjwa wetu wengi tayari ina ganzi, na tunapima ini kwanza, pamoja na homa ya ini aina ya B. Njia fupi ni rifapentini na isoniazidi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, na inafaa mno kwa wanaokuja kwenye mashine, maana muuguzi anampa mgonjwa vidonge mkononi na kumwona akimeza. Baadhi hupata homa na kizunguzungu, na shinikizo la damu linaweza kupanda kwa sababu rifapentini huharakisha ini kuvunja amlodipini na nifedipini, dawa za kushusha shinikizo; mgonjwa asiyeambiwa hilo hudhani figo zimezidi kuharibika.

Uharakishaji huo wa ini ndio unaonifanya nisisitize kwamba dawa za jamii ya rifampisini, ikiwamo rifapentini, zimalizike kabla ya upasuaji. Takrolimasi nayo huvunjwa kwa njia hiyo hiyo. Mgonjwa akizimeza pamoja, kiwango chake kwenye damu huporomoka, dozi inabidi ipandishwe mara kadhaa, na figo ambayo dada ameitoa mwilini mwake inaweza kukataliwa. Nguvu hiyo huchukua kama wiki mbili kuisha baada ya dozi ya mwisho, na kwa hiyo tunaacha pengo. Isoniazidi haina tatizo hilo, na upasuaji ukifika katikati ya dozi zake tunaendelea nayo baadaye.

Mtoaji pia tunampima, kwa kuwa bakteria waliolala wanaweza kusafiri ndani ya figo. Dada wa mzee alishangaa kuulizwa kuhusu kifua chake ilhali anatoa figo, lakini alikubali. Kipimo chake hakikuonyesha kitu. Mzee mwenyewe yuko kwenye dozi ya nne kati ya 12, shinikizo lake limehitaji dawa nyingine, na ameniahidi kwamba baada ya upasuaji, homa yoyote itakayozidi siku mbili ataileta kwetu kabla ya kuipeleka duka la dawa.