Kiwanja Kikubwa Ndani ya Geti: Pima Upana wa Mbele Kabla ya Ekari

Dalali anayeuza kiwanja katika mtaa wa kifahari wenye geti hutangulia na ukubwa: nusu ekari, ekari moja, ekari mbili. Ukubwa huo unakuambia utapanda miti mingapi na utalipa nini, lakini haukuambii kama utawahi kumjua jirani yako. Namba inayoamua ujirani ni nyingine, nayo imeandikwa kwenye ramani ileile ya upimaji: urefu wa ule upande wa kiwanja unaogusa barabara. Nitauita upana wa mbele.

Chukua barabara ya ndani yenye urefu wa mita 360, viwanja pande zote mbili. Viwanja vya mita 20 kwa 30, vikielekeza mita 20 barabarani, vitaingia 18 kila upande: nyumba 36. Sasa weka viwanja vya ekari mojamoja. Ekari ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo ikichorwa mraba kila upande unakaribia mita 64, na barabara ileile inabeba nyumba 5 kila upande, jumla 10. Ekari hiyohiyo ukiichora mita 40 kwa 101, zinaingia nyumba 9 kila upande, jumla 18. Eneo la kila mtu ni lilelile, lakini milango utakayoipita ukitembea dakika tano imekaribia kuongezeka maradufu. Ndiyo maana nikiwekewa mezani ekari mbili zinazolingana kwa bei, moja mraba na nyingine nyembamba yenye kina, nashauri ile nyembamba kwa mtu yeyote anayetaka nafasi na bado anataka watu.

Hesabu hiyo ina upande wa pesa ambao wanunuzi wengi huuona wakati wameshahamia. Tuseme mtaa mzima ni barabara hiyo moja. Wakiwa wakazi 36, kila nyumba inatunza mita 10 za lami, mitaro na taa. Wakiwa 10, kila nyumba inatunza mita 36. Walinzi wawili getini usiku na mchana ni saa 336 kwa wiki. Mlinzi mmoja akifanya kazi saa 48, unahitaji walinzi 7 bila kuhesabu likizo wala ugonjwa. Mishahara 7 kwa nyumba 36 ni jambo moja, kwa nyumba 10 ni jambo jingine kabisa. Nyumba mbili zikiacha kulipa katika mtaa wa 10, pengo ni moja ya tano ya bajeti, na hapo ndipo majirani wasiosalimiana huanza kuandikiana barua za mawakili.

Baada ya idadi ya milango, tazama umbali kati ya milango. Mbunifu wa Denmark, Jan Gehl, ameeleza vizuri jinsi macho yanavyofanya kazi: kwenye mita 100 unaona kuna mtu, kwenye mita 30 hivi unamtambua sura na umri, na kwenye mita 20 hadi 25 unaanza kusoma kama amefurahi au ana huzuni. Mazungumzo ya kweli yako ndani ya mita 3. Sasa pima. Nyumba iliyoketi mita 6 kutoka mpaka wa mbele, hifadhi ya barabara ya mita 12, na nyumba ya pili mita 6 upande wa pili: mlango kwa mlango ni mita 24. Unajua kama mwenzako ameamka vizuri. Rudisha kila nyumba mita 25 ndani na umbali unakuwa mita 62. Sasa unaona umbo linaingia kwenye gari.

Sauti nayo ina kanuni yake. Katika uwanja wazi hupungua kama desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Ukelele wa desibeli 88 ukipimwa mita 1 kutoka mdomoni unabaki 64 kwenye mita 16, na 52 kwenye mita 64, yaani chini ya maongezi ya kawaida ya watu walioketi pamoja. Ongeza ukuta mrefu katikati na madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Mzee akianguka bustanini katika kiwanja cha namna hiyo, yowe halimfikii mtu. Kwa familia yenye mzee au mtoto mdogo, mimi naliona hili kuwa zito kuliko ada zote: weka kengele ya dharura ya kubeba mwilini, na namba za simu za majirani wawili ziwe karibu na mlango.

Lakini tusililaumu geti kwa kosa la ekari. Mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alipochunguza mitaa ya San Francisco, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960, alikuta wakazi wa mtaa wenye magari machache wana wastani wa marafiki 3.0 kila mmoja mtaani hapo, na wale wa mtaa wenye magari mengi wana 0.9. Geti likizuia magari ya kupita, linawapa watoto na wazee barabara ya kutembea. Kinachoharibu faida hiyo ni barabara isiyo na njia ya miguu, geti la rimoti na gereji iliyoungana na jikoni: mtu anatoka sebuleni hadi kazini bila unyayo wake kugusa mtaa. Utafiti wa wanasaikolojia Festinger, Schachter na Back, uliochapishwa mwaka 1950, juu ya nyumba za wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, ulionyesha jambo la karibu na hilo. Nyumba za pembeni ambazo milango yake ilitazama barabara badala ya ua wa pamoja zilikuwa na wakazi wenye marafiki wachache zaidi hapo, ingawa zilikuwa hatua chache tu kutoka kwa wenzao. Mlango unatazama wapi, na njia yako inakutana na ya nani: hayo hupimwa kwenye mchoro kabla ya tofali la kwanza.

Kiwanja ninachokipenda katika mitaa hii ni kile kilicho kwenye duara la kugeuzia magari mwishoni mwa barabara isiyopenya. Kina umbo la kabari: mbele mita 16, nyuma 60, kina mita 70. Hiyo ni karibu mita za mraba 2,660, theluthi mbili za ekari, na milango mitano au sita imekusanyika kuzunguka duara moja. Kosa linalofanyika hapo ni kuchora nyumba pana. Uso wa mita 25 pamoja na mita 3 za nafasi kila ubavu unahitaji kiwanja chenye upana wa mita 31, na upana huo haupatikani mpaka uingie ndani mita 24. Nyumba inajificha, faida ya duara inakufa. Chora uso wa mita 14, urefu uende nyuma. Pamoja na mbavu unahitaji mita 20, nazo zinapatikana mita 6.5 tu kutoka mbele. Taa za magari yanayogeuka zitapiga madirisha ya mbele usiku, kwa hiyo vyumba vya kulala viende nyuma.

Kwa kiwanja cha kawaida kikubwa, kanuni ni ileile: usiketishe nyumba katikati. Isogeze mbele hadi mstari wa mwisho unaoruhusiwa na uache bustani yote nyuma, ambako faragha ni yako bila kumnyima mtu salamu. Kibaraza kiwe na kina kisichopungua mita 2. Chini ya hapo viti viwili na meza haviingii, na kibaraza kisichokalika ni pambo. Ukuta wa mbele uwe mita 1 hadi 1.2, na kuta za pembeni nazo zishuke hadi kimo hicho katika mita 6 za kwanza. Jicho la mtu mzima aliyesimama liko karibu mita 1.5 au 1.6, ukuta wa mita 2.4 unalifunga hata la mtu mrefu. Weka geti dogo la miguu, mita 1, mbali na geti la magari, lisilo na rimoti. Na kama mnaelewana na jirani wa ubavuni, kilango cha pamoja kwenye ukuta ni rahisi sana kukiweka wakati wa ujenzi kuliko kuja kukitoboa baadaye.

Maji nayo yasisahauliwe. Mvua ya milimita 10 juu ya mita za mraba 1,000 za paa na sakafu ngumu ni lita 10,000, na zitamwendea aliye chini yako. Ugomvi mwingi wa viwanja vikubwa huanzia hapo, au kwenye jenereta iliyosukumwa hadi mpakani ili isimsumbue mwenyewe.

Kabla ya kulipa chochote, tembea mtaa huo kwa miguu mara mbili: siku ya kazi jioni kabla ya giza, na asubuhi ya siku ya mapumziko. Hesabu watu wanaotembea, si magari. Giza likiingia hesabu madirisha yenye taa, kwa sababu katika mitaa ya kifahari nyumba nyingi hununuliwa kama akiba na hakuna anayelala ndani. Omba kumbukumbu za mikutano miwili ya mwisho ya wakazi: akidi ilitimia? Madeni ya ada ni ya nyumba ngapi?

Kisha fungua kanuni za mtaa kwenye kifungu cha ujenzi. Kama zinalazimisha nyumba irudi nyuma mita 20, au ukuta wa mbele uwe mita 2, karibu kila nilichoshauri hapo juu hakitaruhusiwa. Uliza kifungu hicho hubadilishwa kwa kura ngapi. Ikihitajika robo tatu ya wamiliki wote, na nusu yao hawaishi hapo wala hawaji mikutanoni, kichukulie kuwa hakibadiliki, na upange bei yako kwa hesabu hiyo.