Mlio mwembamba wa kompyuta: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mlio mwembamba wa kompyuta una uchokozi wake. Wewe unakukera, mwenzako hausikii, na fundi akifika unanyamaza. Kwa kuwa hauonekani wala haushikiki, kila mtu ana maelezo yake, na mengi ya maelezo hayo huishia kumfanya mtu anunue feni asiyoihitaji. Nianze na lile linalowapoteza wengi.

Dhana: Kelele ni ya feni tu. Nini kingine kinachozunguka humo ndani?

Si lazima kitu kizunguke ndipo kitoe sauti. Kutetemeka kunatosha, na ndani ya kasha vimo vitu vingi vinavyotetemeka maelfu ya mara kwa sekunde bila kusogea hata kidogo machoni pako.

Mtuhumiwa wa kwanza ni koili: waya wa shaba uliozungushiwa kiini cha feraiti au cha unga wa chuma uliogandamizwa. Ziko nyingi kwenye kadi ya michoro, kwenye mazabodi (bodi kuu) karibu na prosesa, na ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme. Umeme unaopita humo ukipanda na kushuka, nguvu ya sumaku huivuta na kuiachia ile waya. Kiini chenyewe nacho hurefuka na kufupika kwa kiasi kidogo mno, tabia ya vyuma vya sumaku ambayo James Joule aliieleza tangu mwaka 1842.

Mtuhumiwa wa pili hatajwi sana, nao ni kapasita za kauri, vile vijipande vidogo vya rangi ya kahawia vya kutunzia umeme kwa muda mfupi, vilivyotapakaa kwenye bodi. Kauri inayotumika katika nyingi kati yake hubadilika umbo kidogo kila volti inapobadilika. Kapasita moja peke yake ni ndogo mno kusikika, lakini imelehemiwa kwenye bodi, na bodi ndiyo inayoitangaza, kama ngozi ya ngoma.

Utazitofautishaje na feni? Angalia mlio unabadilika lini. Mapanga ya feni yana uzito, hayawezi kuongeza wala kupunguza kasi ghafla. Mlio wake hupanda taratibu kompyuta inapopata joto na huchukua muda kushuka. Mlio wa koili hubadilika papo hapo. Ukisogeza dirisha kwenye skrini, ukiteremsha ukurasa kwa kipanya au ukifungua gemu, kisha mlio ukarukaruka na kukatika sambamba na mkono wako, hakuna feni inayoweza kukufuata hivyo. Feni yenye beringi iliyochakaa huwa na mkwaruzo ndani ya sauti, na mara nyingi hubadilika ukiiinamisha kompyuta. Tena, feni za kisasa za waya nne hudhibitiwa kwa mipigo ya umeme ya takriban 25,000 kwa sekunde, na kiwango hicho kilichaguliwa makusudi ili kipite juu ya uwezo wa sikio.

Dhana: Umeme wa ndani ya kompyuta uko kwenye masafa ya juu mno, haiwezekani usikike.

Hii ni dhana ya waliosoma nusu, na nusu hiyo ni sahihi. Saketi zinazoshusha volti kwa ajili ya prosesa na kadi ya michoro hukata na kuunganisha umeme mara laki kadhaa kwa sekunde, nyingine hata mara milioni. Sikio la kijana mwenye afya njema linaishia kwenye hezi 20,000 hivi, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo pasingekuwa na mlio wowote.

Wanachosahau ni mzigo. Prosesa haili umeme kwa kiasi kimoja muda wote. Inalala na kuamka mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na kila inapoamka inavuta umeme kwa mkupuo. Kadi ya michoro nayo hufanya kazi kwa fremu, yaani picha moja moja: inachora, inapumzika kidogo, inachora tena. Ikichora fremu 1,000 kwa sekunde, mikupuo ya umeme ni 1,000 kwa sekunde, na koili zinaimba kwenye hezi 1,000 pamoja na masafa mengine yaliyo mara mbili, mara tatu na kuendelea ya hiyo. Ndiyo sababu gemu nyingi hupiga kelele zaidi kwenye menyu ya mwanzo kuliko vitani: menyu ni picha nyepesi, kadi inaichora mara mia nyingi kwa sekunde bila faida yoyote. Weka kikomo cha fremu, tuseme 60 au kiwango cha skrini yako, na huenda tatizo zima likaisha hapo hapo bila kushika bisibisi. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio la kwanza, kabla ya mengine yote.

Kuna upande wa pili. Saketi nyingi, zikiona mzigo umekuwa mdogo sana, huruka baadhi ya mipigo ili kuokoa umeme. Idadi ya mipigo kwa sekunde inashuka, inashuka, mpaka inaingia kwenye eneo la sikio. Kwa hiyo kompyuta mpakato inayolia ikiwa haifanyi lolote, na ikanyamaza ukiipa kazi, haina mzimu. Vivyo hivyo chaja inayolia betri ikishajaa.

Dhana: Inalia, basi iko karibu kulipuka.

Koili inaweza kulia tangu siku ya kwanza mpaka siku kompyuta inapostaafu, na isiwe na kasoro. Sauti za kuogopa ni nyingine: diski ngumu inayogonga tak, tak, tak kwa mpangilio, mkwaruzo wa chuma, mchirizo wa cheche ukiambatana na harufu ya kuungua. Ukisikia ya kwanza, nakili data zako kabla hujafanya jingine lolote. Ukisikia ya mwisho, zima kwenye soketi. Pawa saplai ya miaka mingi iliyoanza kulia juzi tu nayo inastahili kutiliwa shaka, kwa kuwa kapasita huzeeka.

Kwa taarifa tu, diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutoa mvumo wa hezi 120. Huo ni mvumo mzito, haufanani kabisa na mlio mwembamba tunaousaka. SSD, diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, lakini nayo ina kapasita zake, na zipo zinazonong'ona wakati wa kunakili mafaili.

Dhana: Tega sikio tu, utajua unatoka wapi.

Hapa ndipo watu wanapopoteza jioni nzima. Mlio wa hezi 8,000 una wimbi lenye urefu wa sentimita 4 na kidogo. Unatoka ndani ya kasha, unagonga meza, ukuta na dirisha, unarudi, na mawimbi hayo yanapokutana yanaongezeana mahali pamoja na kufutana mahali pengine. Matokeo yake, ukisogeza kichwa sentimita mbili tatu mlio unapotea, ukirudi upo. Mtu huapa kwamba unatoka kwenye skrini, kumbe skrini ni kioo tu kinachourudisha.

Karatasi ngumu iliyoviringishwa kuwa bomba husaidia: upande mmoja sikioni, mwingine karibu na kifaa, bila kugusa kitu. Bora zaidi ni programu ya simu inayochora masafa ya sauti. Utaona kilele kimoja chembamba kimesimama mahali pake, na unaweza kuandika namba yake. Maikrofoni nyingi za simu hudhoofika huko juu kabisa, kwa hiyo kilele kisipoonekana usihitimishe kwamba hakuna mlio.

Namba ikishapatikana, acha simu palepale na anza kubadilisha kitu kimoja kimoja. Kimoja, narudia, ukichomoa vitatu kwa mpigo hutajua kipi kilinyamazisha. Zima kompyuta kwa kawaida lakini uiache kwenye soketi yenye umeme. Mlio ukiendelea, fahamu kwamba pawa saplai haizimiki yote: kuna laini ya volti 5 inayobaki hai ili kitufe cha kuwashia kifanye kazi. Kama ni mpakato, chomoa adapta itembee kwa betri. Panda na kushuka na mwangaza wa skrini. Baadhi ya skrini hupunguza mwanga kwa kuwasha na kuzima taa zake haraka, zikalia kwenye mwangaza wa kati na kunyamaza kwenye asilimia 100. Chomoa vifaa vya USB.

Halafu toka nje ya kompyuta. Adapta ya ruta, UPS (betri ya akiba ya kompyuta), chaja ya simu kwenye ekstensheni hiyo hiyo, taa ya LED yenye swichi ya kupunguza mwanga: hawa wote wana koili, na wote hukaa mita moja kutoka kwenye kompyuta inayolaumiwa. Usishangae mkosaji akiwa mmoja wao.

Dhana: Kama mwenzio hausikii, basi haupo.

Uwezo wa kusikia sauti za juu hupungua kadiri umri unavyosonga, na huanza kupungua mapema kuliko watu wanavyodhani. Waliokulia na televisheni za mgongo mkubwa watakumbuka: katika mfumo wa mistari 625, kifaa cha ndani kilichora mistari 15,625 kwa sekunde na kulia kwa masafa hayo hayo. Watoto walijua televisheni imewashwa hata sauti ikiwa imezimwa. Babu hakusikia kitu. Ukitaka shahidi, muite mtoto.

Lakini upo uwezekano wa pili, na usiupuuze. Zima umeme wote wa chumba, nenda chumba kingine, ziba masikio kwa vidole. Mlio wa nje utafifia. Ukibaki vile vile au ukazidi, hiyo ni milio ya masikio yenyewe, na anayehusika ni daktari.

Dhana: Mlio wa kwenye spika na wa kwenye kasha ni mmoja.

Havihusiani sana. Ukisikia vijisauti kwenye spika au hedifoni kila unaposogeza kipanya, hapo ni umeme wa kompyuta uliopenya kwenye waya za sauti, mara nyingi kupitia waya wa ethi. Chomoa spika: ukikatika, umeshajua. Jaribu kuchomeka kompyuta na spika kwenye ekstensheni moja, au tumia kadi ya sauti ya nje ya USB. Kebo ya mwanga huondoa tatizo kabisa kwa kuwa haipitishi umeme. Wapo wanaoshauri kukata pini ya ethi. Pini hiyo iko pale kukulinda usipigwe na umeme, iache.

Dhana: Ni kelele tu, haina habari yoyote.

Mwaka 2013, Daniel Genkin, Adi Shamir na Eran Tromer walionyesha kwamba sauti hizi hizi za koili na kapasita, zinazosikika kompyuta mpakato inapofungua ujumbe uliofungwa kwa namba za siri, zinatosha kufichua ufunguo wa siri wa biti 4096 wa RSA, mfumo maarufu wa kufunga ujumbe kwa namba hizo. Walifanikiwa kwa simu ya kawaida iliyowekwa sentimita 30 kutoka kwenye mashine, na kwa maikrofoni nzuri zaidi kutoka mita 4. Shamir, kwa njia, ni mmoja wa watatu waliobuni RSA yenyewe. Programu ya kufunga ujumbe waliyoishambulia, GnuPG, ilirekebishwa. Huna sababu ya kuogopa jirani mwenye simu, ila sasa unaelewa kwa nini mlio hubadilika ukibadilisha kazi: unaifuata prosesa hatua kwa hatua.

Dhana: Tone la mafuta, gundi kidogo, au uifungue pawa saplai uangalie.

Pawa saplai usiifungue. Kapasita zake kubwa hushika volti 300 na zaidi, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo kwenye beringi. Gundi juu ya koili wapo iliyowasaidia, lakini gundi ya kuyeyusha hulainika kwa joto, isitoshe waranti inakwenda nayo. Ushauri wa kuiacha kadi ikimbie usiku kucha "izoee" sijaona wa kuutegemea.

Yanayofaa ni ya kawaida. Kikomo cha fremu nimeshakitaja. Kwa mlio wa wakati wa kupumzika, kwenye BIOS, ile mipangilio ya kabla kompyuta haijawaka kikamilifu, unaweza kuzima usingizi mzito wa prosesa, ukikubali itumie umeme zaidi. Kubadili pawa saplai wakati mwingine hunyamazisha kadi ile ile, na wakati mwingine hakufanyi kitu. Iazime kwanza, usinunue. Na kadi mbili za aina moja hazilingani, kwa kuwa koili hazizungushwi sawasawa kabisa. Watengenezaji wengi hawauhesabu mlio huu kuwa ubovu, kwa hiyo kifaa kipya kijaribu kwa mzigo mkubwa na kwa mzigo mdogo siku zile za kurudisha hazijaisha, na urekodi sauti kwa simu ukionyesha ni kitendo gani kinachoiamsha.