Kabla hujamwacha dalali, mdai majina

Mama mmoja alikuja ofisini akaniwekea bahasha mbili mezani. Zote mbili zilikuwa madai ya kamisheni, za nyumba ile ile, kwa mnunuzi yule yule. Dalali wa kwanza alidai kwa sababu ndiye aliyempeleka mnunuzi kuiona nyumba. Wa pili alidai kwa sababu ndiye aliyemaliza biashara. "Wakili, nyumba nimeuza mara moja," akasema, "mbona nadaiwa mara mbili?"

Nikamwomba anisimulie jinsi alivyoachana na yule wa kwanza. "Nilimpigia simu," akasema, "nikamwambia basi, nimepata mwingine." Nikafungua mkataba: notisi ya maandishi, siku 14. Yeye alisaini na dalali mpya siku 3 baada ya simu. Hata kama simu ile ingehesabiwa kuwa notisi, na haihesabiwi, kwa siku 11 alikuwa na madalali wawili, kila mmoja akiwa na karatasi inayomwita dalali wa pekee.

Katika kazi hii ya kusoma mikataba ya udalali nimeona ugomvi mwingi wa aina hiyo, na karibu wote huanzia kwenye simu kama ile. Siku ya kuuza huwa ni siku ya kuletewa bili tu.

Kwanza ujue ulisaini nini. Mkataba wa wazi unampa kamisheni yeyote aliyemleta mnunuzi, na wewe ukiuza mwenyewe hudaiwi. Dalali wa pekee maana yake hakuna dalali mwingine, ila mwenye nyumba ukimpata mnunuzi kwa juhudi zako, kwa kawaida uko salama. Halafu kuna haki ya pekee ya kuuza. Hii ndiyo inayowaumiza watu: nyumba ikiuzwa ndani ya muda wa mkataba, dalali analipwa, hata kama umemuuzia shemeji yako sebuleni. Majina ya aina hizi mbili za mwisho yanafanana mno, na Uingereza ilifika mahali ikatunga kanuni, mwaka 1991, za kumlazimisha dalali ampe mteja maelezo ya maandishi ya maana ya kila moja. Kama kwenu hakuna sharti kama hilo, uliza kabla ya kusaini.

Sasa tuje kwenye kifungu ambacho hakuna anayekisoma. Karibu kila mkataba wa udalali una mkia: mkataba ukiisha, kwa miezi kadhaa dalali bado anadai kamisheni ikiwa nyumba itanunuliwa na mtu aliyemleta yeye. Mkia wenyewe nauona wa haki. Bila huo, muuzaji mjanja angesubiri mkataba uishe, kisha amwite mnunuzi pembeni wagawane kamisheni ya dalali. Shida iko kwenye maneno. "Aliyetambulishwa" ni nani? Aliyeingia ndani ya nyumba? Aliyepiga simu kuuliza bei? Aliyeona tangazo? Nimekutana na mikataba inayosema "yeyote aliyepata habari za nyumba katika kipindi cha mkataba", na hapo hata jirani anayepita mbele ya bango kila asubuhi ni mteja wa dalali.

Mikataba mingine ina ahueni: mkia unakatika ukisaini na dalali mwingine wa pekee. Tafuta sentensi hiyo. Kama haimo, iombe wakati wa kusaini, maana siku ya kuachana hakuna atakayekupa.

Mkataba usipojibu, swali linakuwa ni nani aliyesababisha mauzo. Mwaka 2008 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi iliyofanana sana na ya mama huyu. Dalali wa kwanza alimwonyesha mtu nyumba, mtu hakuvutiwa, akaenda zake. Baadaye dalali wa pili akamrudisha, akanunua. Wa kwanza akadai. Mahakama ikasema kumtambulisha mnunuzi ni kumtambulisha kwenye ununuzi. Kumfikisha tu kwenye nyumba hakutoshi. Dalali akakosa. Usiichukue hukumu hiyo kama ngao ya kila mahali, maana maneno ya mkataba wako yanaweza kuwa mapana zaidi. Lakini inaonyesha ushahidi wa kutunza: ujumbe wa mnunuzi aliposema haitaki, tarehe ya ziara ya pili, na kilichombadilisha mawazo, kama ni bei kushuka au ukarabati.

Kwa hiyo ukimwacha dalali, andika barua, hesabu siku za notisi, na umdai orodha ya majina ya watu anaowahesabu kuwa wake. Mpe tarehe ya mwisho ya kuileta. Halafu orodha hiyo mkabidhi dalali mpya kabla hamjasaini, na mkataba wake useme wazi: kwa majina haya, kamisheni yake ni sifuri au ni nusu, vyovyote mtakavyokubaliana. Dalali mzuri hatakasirika. Anayekwambia "usijali, hayo tutayamaliza sisi kwa sisi" ndiye ninayemwogopa, kwa sababu akishindwa kuyamaliza, mdaiwa ni wewe.

Jambo jingine dogo linalowaponza watu: mkataba kwa kawaida ni wa kampuni, si wa yule kijana mchangamfu aliyekuwa anakuja na funguo. Akihamia kampuni nyingine na wewe ukamfuata, umebadilisha dalali, hata kama uso ni ule ule.

Mama hakuwa na orodha. Tulipoidai kwa kuchelewa, ilikuja na majina 41, likiwamo la mdogo wake wa kiume, aliyekuja siku moja kurekebisha bomba. La mnunuzi lilikuwa namba 17, na mbele yake mwandiko wa dalali mwenyewe: "hajapenda jiko". Maneno hayo mawili yalitusaidia kuliko barua zangu zote. Kiasi cha kamisheni moja tulikishikilia kwenye akaunti ya wateja ili mauzo yasikwame, na baada ya wiki sita wa kwanza akakubali robo, wa pili robo tatu. Jiko, kwa taarifa yenu, lilikuwa limepakwa rangi upya kati ya ziara ya kwanza na ya pili.