Mvuvi, wavuvi, uvuvi: msomaji anapotelea wapi katika katalogi

Chukua neno moja ambalo hapa Kigoma halikauki midomoni: uvuvi. Mwanafunzi anakaa mbele ya kompyuta ya maktaba, anaandika "mvuvi". Kitabu anachokitaka kipo rafuni, kwenye namba 639.2 ya mpangilio wa Dewey, lakini jina lake linaanza na "Wavuvi", na aliyekiorodhesha aliweka mada moja tu, "Fisheries". Kompyuta inajibu kwamba hakuna kitu. Mwanafunzi anainuka na kwenda zake, na sisi tunaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawasomi.

Kosa si la kompyuta. Kanuni nyingi tunazotumia zilitungwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mkiani. Mwingereza akiandika "fish" na nyota mwishoni, anavuta fishing, fisherman na fisheries kwa mpigo. Kiswahili hubadilika kichwani: mvuvi, wavuvi, uvuvi, mkulima, wakulima, kilimo. Nyota ya mwishoni haimsaidii msomaji wetu chochote. Kwa hiyo kazi ambayo kwa wenzetu inafanywa na nyota, kwetu inafanywa na mworodheshaji, kwa mkono, katika fildi za mada, yaani visehemu vya rekodi vinavyotaja kitabu kinahusu nini.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Shughuli naiandika kwa jina la tendo: Uvuvi, Kilimo, Ufugaji wa nyuki. Vitu vya kuhesabika naviweka katika wingi: Mizinga, Mitumbwi. Kisha natengeneza rejeo la "tazama" kutoka kila umbo ambalo msomaji anaweza kuanza nalo. "Wavuvi" inampeleka kwenye Uvuvi. Msomaji wa Tabora atakayeuliza "asali" apelekwe pia kwenye Ufugaji wa nyuki, maana vitabu vya 638.1 ndivyo vinavyoeleza namna ya kuirina. Orodha ya maneno mliyoyachagua iwekwe kwenye daftari moja au faili moja. Wahudumu wawili wasio na orodha ya pamoja watazaa katalogi mbili ndani ya jengo moja.

Mada ya Kiingereza iliyokuja na rekodi usiifute. Ongeza ya Kiswahili chini yake, fildi 650 nyingine (katika MARC, mfumo wa rekodi za katalogi, kila fildi ina namba yake, na 650 ni ya mada). Hapa ndipo wengi wanapoteleza: kiashiria cha pili cha 650, yaani tarakimu ya pili kati ya mbili zinazofuata namba ya fildi. Sifuri maana yake neno limetoka kwenye orodha ya mada ya Maktaba ya Congress ya Marekani. Ukinakili fildi ile na kubadili neno tu kuwa "Uvuvi", umeiambia programu kwamba Uvuvi ni neno la Washington. Siku ukioanisha mada zako na orodha yao, rekodi hizo zitatupwa nje kama makosa. Mada ya Kiswahili iliyochaguliwa hapa hapa iwe na kiashiria 4, au 7 pamoja na fildi ndogo ya $2 inayotaja orodha ilikotoka.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake, na mkubwa kwetu ni Tanganyika. Ni ziwa, na ilikuwa nchi hadi muungano wa 26 Aprili 1964. Andika "Tanganyika (Ziwa)" na "Tanganyika (Nchi)", katika fildi 651, ya mada za mahali, si 650. Ziwa lenyewe ni la nchi nne, kwa hiyo kitabu kuhusu wavuvi wa upande wa Burundi kisibandikwe Tanzania eti kwa sababu tu kuna neno Tanganyika kwenye jalada. Na meli yetu ya ziwani? Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikarudi kazini 1927 ikiitwa Liemba. Vitabu vya vita vinasema Goetzen, na mtoto wa Ujiji anasema Liemba. Bila rejeo kati ya majina hayo mawili, hawatakutana kamwe.

Watu ni vivyo hivyo. Tippu Tip ameandikwa Tippo Tib, Tippu Tib, Hamed bin Muhammed el Murjebi. Chagua moja liwe kiingilio, yaani jina ambalo rekodi zote zitalitumia (mimi nachukua lile linalojulikana zaidi, Tippu Tip), mengine yote yaingie kwenye rekodi ya jina kama fildi 400, ya marejeo. Mwenye jina la "bin" ambaye hana jina la ukoo naanza na jina lake mwenyewe, na kiashiria cha kwanza cha fildi 100, ya mwandishi, kinakuwa 0. Mwenye ukoo, kiashiria ni 1, kama Nyerere, Julius K. "Mwalimu" ni cheo. Kisiingie kwenye kiingilio hata kama jalada limekiandika kwa herufi kubwa.

Nikae kidogo kwa Nyerere, kwa kuwa tafsiri yake inaonyesha makosa matatu kwa wakati mmoja. "Mabepari wa Venisi", 1969. Kosa la kwanza ni kumweka Nyerere fildi 100. Mwandishi ni Shakespeare, William, 1564-1616. Nyerere anaingia 700 kama mtafsiri. Kosa la pili ni namba. Wengi wanakipa 896.3922, tamthilia ya Kiswahili, kwa sababu ukikifungua unasoma Kiswahili. Dewey hupanga fasihi kwa lugha iliyotungiwa, si iliyotafsiriwa, kwa hiyo kitabu hiki mahali pake ni 822.33 pamoja na Shakespeare wengine. Lugha ya kitabu unaitaja kwenye fildi 041: $a swa (lugha ya kitabu), $h eng (lugha ya asili), kiashiria cha kwanza 1. Jina la asili linaingia 240.

Kosa la tatu ni dogo na ndilo linaloudhi zaidi. Kiashiria cha pili cha 245, fildi ya jina la kitabu, huhesabu herufi za kurukwa wakati wa kupanga. Kwa jina la Kiingereza linaloanza na "The" ni 4, yaani herufi tatu na nafasi moja. Ukitumia rekodi ya Kiingereza kama kiolezo na kusahau ile 4, programu inaruka M-a-b-e, na kitabu kinapangwa kwenye P, "pari wa Venisi". Kiswahili hakina "the". Kiashiria ni 0, siku zote.

Kwa riwaya zilizotungwa kwa Kiswahili, 896.3923 inabeba mzigo mkubwa mno. Mtanzania, Mkenya na Mzanzibari wote wanaingia humo, kwani namba haiangalii nchi. Rafu nzima inaweza kuwa na namba ileile, hivyo kinachotenganisha ni herufi tatu za mwandishi chini yake, na zikigongana naongeza herufi ya kwanza ya jina la kitabu.

Vitabu vya lugha za kwetu visidanganywe kuwa ni Kiswahili kwa uvivu wa kutafuta msimbo. Kinyamwezi kina wake, nym. Kiha hakina katika orodha fupi ya misimbo ya lugha, hivyo nafasi ya 35 hadi 37 ya fildi 008 inachukua bnt (lugha nyingine za Kibantu), na 041 ya nyongeza, kiashiria cha pili 7, inasema haq kwa iso639-3, orodha ndefu ya misimbo ya lugha.

Maelezo ya umbo hayahitaji maneno mengi. Urefu wa kitabu hupandishwa hadi sentimeta nzima, 20.2 ni 21. Tangu kanuni za uorodheshaji za RDA zishike nafasi ya zile za AACR2, mchapishaji na mwaka ni fildi 264 badala ya 260. ISBN inayoanza na 978-9976 au 978-9987 ni ya Tanzania, 978-9966 ya Kenya. Ni njia ya haraka ya kuhakiki mahali pa uchapishaji. Namba iliyochapwa kimakosa na mchapishaji iwekwe fildi ndogo ya $z, isitupwe, maana muuzaji ataitumia hiyohiyo.

Lebo ibandikwe kwenye mgongo kwa kimo kimoja kutoka chini, na anayerudisha vitabu rafuni afundishwe kusoma tarakimu baada ya nukta mojamoja. 639.12 inatangulia 639.2. Asiyejua atasema kumi na mbili ni kubwa kuliko mbili, na kitabu cha uvuvi kitapotea tena, safari hii kikiwa na rekodi isiyo na dosari.